Kiti cha Mgeni Chini ya Miplamu

Siku ya kuniaga, ninyi vijana wa ofisini mlinipa saa ya ukutani. Nimeshukuru, lakini niulize tu: mtu aliyemaliza kazi, saa ni ya nini? Niliitundika sebuleni hapa Nyanchwa, nikaitazama miezi mingi ikizunguka, nikaona afadhali nifanye lile mliloniomba, niwaandikie kidogo kuhusu kazi. Habari za vyeo sitaandika. Za mshahara hata nikiandika mtacheka. Nitaandika juu ya udongo, na kisu, na mzee mmoja aliyenifundisha kazi, na shamba moja la matunda ambalo ninyi hulipita mkienda Nyansiongo bila kujua kwamba liliponea chupuchupu.

Nilifika Borabu nikiwa msichana wa ziwani mwenye diploma ya kilimo na viatu vya ngozi vya kisigino. Kwetu mvua ikinyesha, ardhi hunywa na mambo yakaendelea. Huko Nyansiongo, Borabu, mvua hunyesha alasiri baada ya alasiri, na ule udongo mwekundu ukikushika mguu hauachii. Siku yangu ya kwanza, kabla hata ya chai ya saa nne, kisigino kimoja kilibaki ndani ya shamba la mahindi la mtu, na nadhani kiko huko mpaka leo. Mzee Nyakundi, msaidizi wa kilimo aliyepewa kazi ya kunizungusha, hakucheka. Alikwenda nyuma ya stoo akarudi na gambuti za mwanamume, kubwa ajabu.

“Madam, weka gazeti ndani,” akaniambia. “Lakini soma kwanza. Usikanyage habari ambayo hujasoma.”

Nilitembea na gambuti hizo msimu mzima. Mzee Nyakundi alivaa koti moja zito, jua au mvua, na mifuko ya koti hilo ilikuwa ndiyo ofisi yetu: kamba, mbegu, kipande cha sabuni, na kisu. Somo lake la kwanza kwangu halikuwa la mbolea. Lilikuwa la kiti. Aliniambia kwamba ukiingia bomani mwa Mgusii usianze na mimea, kwa sababu utaletewa kiti, na kiti hicho ukalie. Halafu utaletewa maji ya kunawa, halafu ndizi mbivu au chai, na ukiwa na bahati mbaya ya kufika karibu na saa sita, chakula chenyewe. Hayo yakiisha ndipo uulize habari za mahindi.

Mimi nilikuwa na haraka ya chuoni. Boma la kwanza nikakataa kiti, nikasimama uani wima nikisema niko sawa, asante, niko sawa. Mwenye boma akabadilika uso, akamwuliza Mzee Nyakundi jambo kwa Ekegusii. Mzee akanigeukia kwa sauti ya chini.

“Anauliza kama tumeleta habari ya kifo.”

Jamani, nilikaa. Tangu siku hiyo nimekalia viti vya kila aina Kisii na Nyamira, vya mbao, vya plastiki, hata debe lililopinduliwa na kutandikwa leso, na nimekunywa chai ambayo daktari wangu akisikia atanifukuza. Ninyi mnaopiga picha za mimea ya watu mkiwa juu ya pikipiki na injini inanguruma, hebu shukeni mkae.

Somo la pili lilinipata kwa Mama Kerubo. Wakati huo alikuwa mke mchanga, na huyo Kerubo mwenyewe alikuwa mtoto wa mgongoni. Mumewe, Mzee Ombati, ambaye hakuwa mzee bado, alikuwa amepata kipande cha lililokuwa zamani shamba la mzungu, na nyuma ya nyumba palisalia miplamu michache aliyoiacha mzungu, mikongwe, inayozaa matunda makali ya kukunja uso. Mzee Nyakundi alikuwa amepata vikonyo, yaani vijitawi vya kupandikiza, vya aina tamu. Akatoa kile kisu chake mfukoni.

“Hiki hakikati mkate, hakikati kamba, hakimenyi chungwa,” akasema. “Ukikitumia kumenya chungwa, mimi na wewe tumekosana.”

Ndicho kisu cha kupandikizia. Alinionyesha kukata tawi la mti mkongwe mshazari, kukata kikonyo mshazari uleule kwa mkato mmoja bila kusitasita, kisha kulaza kijani cha chini ya gome juu ya kijani mwenzake na kufunga kwa ukanda wa nailoni. Vyangu vya kwanza vingi vilikauka. Vichache vilishika, na kimojawapo, kwenye mti ulio karibu kabisa na jiko, kilichipua nikakiona kwa macho yangu, majani mawili madogo. Nilipiga kelele hata mtoto akaamka mgongoni. Furaha ile sijaipata tena kazini, na nimehudhuria semina nyingi.

Sasa siku hiyohiyo, wakati wa kuondoka, nikaona mpera kando ya njia, mapera yameiva yananukia. Nikanyoosha mkono nikachuma moja. Mama Kerubo alishika mdomo.

“Madam! Nimekosea wapi?”

Nikabaki na pera langu mkononi sijui nile au nirudishe. Mzee Nyakundi alinieleza njiani. Mgeni akijichumia mwenyewe, ametangaza kwamba mwenyeji hakumpa. Amemvua nguo mbele ya majirani. Mama Kerubo alichuma beseni zima la mapera akanibebesha, na nilirudi nyumbani nikinuka mapera na aibu. Basi nikajifunza kuweka mikono mapajani. Nimefundisha watu wengi kuchuma plamu, parachichi na matunda damu, yale yafananayo na nyanya, lakini mikono yangu yenyewe haikuchuma tena tunda katika boma la mtu kazi yangu yote.

Mzee Nyakundi alistaafu, akaniachia kisu. Baadaye tukamzika, na mazishini niliweka mkono ndani ya mkoba nikakishika kisu kile ibada nzima, nikilia kama aliyefiwa na babake. Bado ninacho. Hakijamenya chungwa.

Miaka ikaenda. Kutokana na ile miti iliyoshika, Mama Kerubo alizalisha mingine mpaka mteremko wote wa nyuma, kutoka jikoni hadi kijitoni, ukawa miplamu, na matunda damu kando ya ua, na parachichi juu karibu na barabara. Nilizoea kulijua shamba hilo kwa majira yake. Wakati wa baridi ya katikati ya mwaka miti hupukutisha majani, nasi hupogoa, na kila mwaka Mzee Ombati alisimama pale akasema, “Hii imekufa sasa.” Kisha maua meupe yanafunika matawi, nyuki wanajaa, Mzee Ombati ananyamaza. Kisha matunda machanga, na hofu ya mvua ya mawe. Karibu na Krismasi plamu zinageuka rangi, na bomani hapakaliki kwa harufu.

Shida haikuwa kuzaa. Shida ilikuwa kwamba plamu ikiiva haina subira. Madalali walikuja na lori siku waliyotaka wao, wakachuma mbichi na mbivu pamoja, wakavunja matawi, na mwaka mwingine hawakuja kabisa. Matunda yalianguka yakalala chini. Ng'ombe wa Mzee Ombati waliyala mpaka wakaharisha. Majirani pande zote walikuwa na chai, wanachuma, wanapeleka kituo cha kununulia, mambo yamekwisha.

“Madam,” Mzee Ombati aliniambia, na wala hakuwa na ubaya, “majani chai ni kitu ya maana. Hii miti yako inanipatia maua.”

Kila mara ilikuwa “miti yako.” Nilizoea.

Ndipo Kerubo akarudi nyumbani. Alikuwa amefanya kazi ya hoteli upande wa Naivasha, na huko aliona jambo ambalo alipolieleza sebuleni kwao babake alicheka mpaka akakohoa: watu wa mjini wanakuja shambani na watoto wao, wanapewa kikapu, wanachuma matunda wenyewe, na wanalipa.

“Walipe ndio wafanye kazi?” Mzee Ombati akauliza.

“Ndiyo, baba. Na wanapiga picha.”

“Wanaumwa?”

Lakini alimpenda huyo binti. Akampa msimu mmoja. Alisema wazi mbele yangu na mbele ya mama: plamu za mwaka huu zikiisha bila watu kuja, anamwita mtu wa pawasoo, ule msumeno wa injini, miti yote iangushwe, apande chai. Na sote tuliokaa pale tulijua mambo ya nchi hii. Chai ikishaingia, shamba litagawiwa wana wa kiume. Kerubo hana pake. Mama Kerubo alikuwa anamenya viazi, akaendelea kumenya, lakini maganda yalikuwa manene mno.

Huo ulikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini, nami nililibeba jambo hilo kama la binti yangu wa kuzaa. Baridi ilipoanza nilipogoa pamoja na Kerubo, nikamwachia kile kisu apandikize kikonyo chake cha kwanza kwa mkono wake. Maua yalikuja mengi. Wakati wa kupunguza matunda machanga ili yaliyobaki yanenepe, alilalamika. “Anti, tunatupa chakula!” akasema, na mimi nikamwambia afumbe macho na aendelee. Mvua ya mawe moja ilipita ng'ambo ya pili ya kijito. Tuliisikia ikigonga mabati ya wengine tukawahurumia, na kimoyomoyo tukashukuru, Mungu atusamehe. Plamu zilipoanza kuiva, Kerubo alituma picha kwa simu kila mahali, na mimi nilisimama kanisani kwetu mjini, palipojaa watu wa kwetu wa ziwani wanaofanya kazi Kisii kwenye benki na maduka, nikatangaza: njooni na watoto, njooni na vikapu. Siku ikawa Jumapili baada ya misa, kwa sababu kina Kerubo ni Wasabato na Jumamosi hakuna anayegusa hata jembe.

Jumapili ya kwanza nilitangulia mapema. Getini Mama Kerubo alikuwa na gauni la kanisani na kitambaa kipya. Nyuma yake, chini ya paa la zizi, niliona vikapu. Vikapu, mabeseni, ndoo, mpaka ile sufuria kubwa ya harusi, vyote vimejaa plamu nyekundu zilizofutwa moja moja zikang'aa.

“Mama Kerubo,” nikasema, “hizi ni za nani?”

“Za wageni.”

“Na za kuchuma ziko wapi?”

Alinitazama kwa huruma. “Wageni wachume, Madam? Na mimi niko hai?”

Alikuwa ameingia shambani alfajiri pamoja na kina mama majirani, wakachuma kila iliyoiva. Mitini zilibaki za kijani tupu. Nilishika kiuno. Magari yalikuwa tayari yanakata kona, watoto wakashuka na vikapu vyao vidogo vipya, wakakimbia mpaka chini ya miti, wakarudi polepole. “Mama, hakuna.” Wakubwa wao walipangwa kwenye viti kwa safu, wakanawishwa mikono, wakaletewa chapati, ndizi na chai, na kila familia ikafungiwa ndoo yake ya plamu. Baba mmoja alipotoa pochi, Mama Kerubo aliweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo kana kwamba ameonyeshwa nyoka. Walishiba, wakashukuru, wakaondoka wakiwa wamechanganyikiwa. Nilimsikia mtoto mmoja akimwuliza mamake kama yule ni nyanya yao ambaye hawakuambiwa.

Kerubo alikwenda nyuma ya jiko akalia. Mzee Ombati alikuwa amekaa barazani akiangalia yote.

“Madam,” akasema, “watu wamekuja, wamekula, wameenda. Hii ni biashara ama ni matanga?”

Akasema bado kuna Jumapili moja, maana zile za kijani zitakuwa zimeiva, na mtu wa pawasoo ameshaambiwa aje Jumatatu yake.

Katikati ya wiki nilikwenda kumwona Mama Kerubo. Nililetewa kiti, bila shaka. Alikuwa akibambua maharagwe, nami sikuthubutu kusaidia.

“Mama Kerubo, miti itakatwa.”

“Najua.”

“Kerubo atakosa mahali.”

“Najua, Madam! Unafikiri silii? Nikilala ni hiyo tu.” Alitupa ganda chini. “Lakini nikisimama kwa gate nimwambie mtu ametoka mbali, shika kikapu, enda ujitafutie, mkono unakataa. Mdomo unakataa. Mama yangu angefufuka anichape.”

Aliniahidi hatachuma hata moja kabla ya wageni kufika. Aliahidi kwa uso wa mtu aliyeambiwa asiwanyonyeshe watoto wake. Niliondoka na moyo mzito. Ukungu wa majani naijua dawa yake, vidukari naujua ujanja wao, lakini hapa niliishiwa kabisa.

Jumapili ya pili walikuja wachache kuliko wa kwanza, ila walikuja, kwa sababu Kerubo aliomba msamaha kwenye simu mpaka vidole vikamwuma. Mama Kerubo alitimiza ahadi. Miti ilikuwa imeelemewa, nyekundu juu hadi chini. Lakini wageni walipoingia tu, viti vikatoka. Chai ikatoka. Kerubo akisema, “Sasa twendeni shambani,” mamake anatokea na sinia jingine. Watoto walikaa wakibembeza miguu, wanazitazama plamu kwa mbali. Baba mmoja mwenye tai alianza kuangalia saa. Kerubo alinitazama, nami nikamtazama, na barazani Mzee Ombati aliwatazama wote. Nilijisemea, basi, imekwisha.

Kisha yeye Mzee Ombati akainua kichwa. Upepo ulikuwa umegeuka, wa baridi ghafla. Juu ya kilima lilikuwa limesimama wingu ambalo mtu yeyote wa Nyamira analijua, jeupe chini na jeusi juu, na ndani yake mngurumo usiokatika.

“Mvua ya mawe hiyo,” akasema.

Plamu zilizoiva namna ile, mawe ya dakika chache hayabakizi kitu. Mama Kerubo alikuwa amesimama katikati ya ua na birika mkononi. Akaangalia wingu. Akaangalia miti. Akaangalia wageni wake waliokaa kwa adabu na vikombe. Akaweka birika chini, palepale kwenye matope, akapaza sauti iliyofika ng'ambo ya kijito.

“Risaga! Risaga!”

Risaga ni desturi ya hapa: mtu akizidiwa na shamba huita majirani, wanakuja kwa wingi wanafanya kazi hiyo pamoja, naye mwenye shamba huwapikia washibe. Zamani walipikiwa pombe, siku hizi Wasabato hupika uji. Kina mama majirani walitokea kwenye ua wakikimbia na ndoo. Watu wangu wa mjini hawakujua neno lile, lakini sauti waliielewa.

“Na nyinyi mnangoja nini? Inukeni! Wewe baba wa tai, shika hiyo ndoo! Watoto, matawi ya chini! Usivute, wewe! Zungusha kidogo itakuja yenyewe!”

Loo! Waliinuka wote. Watoto waliingia chini ya miti wakipiga mayowe. Mama mmoja wa benki alivua viatu akapanda mti, na sketi yake ya Jumapili. Mwenye tai alikuwa na ndoo kila mkono. Mzee Ombati alivua koti, akalifunga mikono likawa mfuko, akaanza kuchuma na kumgombeza mwenye tai kwamba anachukua mbichi. Nami nikainuka, nimekunja mikono ya blauzi. Mama Kerubo akanishika bega akanirudisha kitini.

“Si wewe, Madam. Wewe ni mgeni wa serikali.”

Nikapewa mtoto mchanga wa mtu nimshike. Nilikaa chini ya baraza na mtoto huyo, nikiangalia watu wote wakichuma, na kusema kweli niliona wivu.

Mawe yaliposhuka walikuwa wamemaliza karibu yote. Walikimbilia jikoni na zizini, wamelowa, wamebanana na ng'ombe, na mabati yalivuma hata hatukusikizana. Watu walikula plamu na kucheka bila kusikia wanachochekea. Mvua ilipopungua ukapita uji wa wimbi, moto, na safari hii Mama Kerubo hakuwapanga watu kwenye viti. Aliwagawia wakiwa wamesimama, kila mtu na kikombe alichopata, na kila mtu akaondoka na sehemu ya alichochuma. Ndivyo risaga inavyoisha.

“Hawa si wageni,” aliniambia akiifunga ndoo ya mwisho, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimekosea. “Hawa wamenisaidia kazi.”

Habari ya malipo, Kerubo aliyapokea getini, na mamake akaangalia upande mwingine, na mpaka leo ndivyo wanavyofanya. Watoto waliuliza risaga nyingine ni lini.

Jumatatu niliomba ruhusa nikaenda. Mzee Ombati hakuwa amesema neno jioni ile, na mtu akinyamaza siku kama hiyo hujui ameamua nini. Nilipokuwa bado barabarani nikasikia pawasoo inalia. Nilikimbia, mwanamke wa umri wangu, na gambuti, matope hadi magotini, nikisema Mungu wangu, Mungu wangu. Nilimkuta Mzee Ombati kijitoni na mtu wa msumeno. Mikaratusi miwili ilikuwa imelala chini.

“Watu walikosa mahali pa kukaa,” akasema bila kunitazama. “Nataka mbao za benchi. Na hii mikaratusi inamaliza maji ya plamu zangu.”

Zangu! Nililirudia neno hilo njia nzima ya kurudi ofisini.

Tangu hapo wamekuja watu kwa kila msimu, mvua za masika wakati wa parachichi, na baridi wakati wa matunda damu, na Krismasi ndiyo usiseme. Mama Kerubo husimama getini akawapokea kwa kuwagombeza, tajiri na maskini sawasawa, na wanarudi kwa ajili hiyo. Kerubo ana kitalu chake sasa, na babake amemwonyesha mpaka wa sehemu yake mbele ya kaka zake.

Nami mkaniaga, mkanipa saa. Plamu zilipoiva tena nikaenda Nyansiongo Jumapili moja kama raia wa kawaida. Watu walikuwa wengi mteremkoni. Niliingia uani nikasimama mahali pangu pa siku zote, karibu na baraza, nikisubiri. Hakuna aliyeleta kiti. Nilikitafuta kwa macho nikaanza kuona haya. Mama Kerubo akatoka jikoni, akanitazama kuanzia utosini hadi kwenye gambuti.

“Umestaafu?”

“Nimestaafu, Mama Kerubo.”

“Serikali imekuachilia kabisa?”

“Kabisa.”

Akaokota kikapu akanitupia kifuani, nikakidaka.

“Sasa unasimama hapo unangoja nini? Kwani wewe ni mgeni?”

Nilikwenda kwenye ule mti wa karibu na jiko, ambao kovu la kisu bado lipo tawini, nikaanza kuchuma. Machozi yalinitoka, nikawaambia watoto waliokuwa chini ya mti ni vumbi. Kikapu kilipojaa nikampelekea. Alikikagua, akatoa plamu mbili mbichi, akaziinua juu watu wote wazione.

“Miaka yote anafundisha watu,” akawatangazia, “na hajui imeiva ama bado!”

Walicheka shamba zima. Nami nilicheka nao, nikarudi mtini na kikapu kitupu, kwa maana mwenye shamba alikuwa bado ananitazama.